Mawenzi Upande wa Kushoto: Uchambuzi wa Picha Moja ya Ukutani kutoka Old Moshi

Picha yenyewe ina sentimita 14 kwa 9, nyeusi na nyeupe, imeanza kugeuka kahawia pembeni. Watu 31 wamesimama na kuketi mbele ya jengo la mawe lenye paa la bati. Mbele yao kuna meza, na juu ya meza kuna mizani na tandiko la kitu kilichoanikwa. Nyuma ya paa, juu ya migomba, Mlima Kilimanjaro uko wazi, vilele vyote viwili, Kibo na Mawenzi. Ukiigeuza, mtu ameandika mgongoni kwa kalamu ya biki: "Mangi Meli na wazee wake, 1900".

Familia ya Old Moshi inayoitunza ilikubali kuitoa ukutani ili itumike kwenye kijitabu cha historia ya mtaa. Kisa ni cha mfano, kimeunganishwa kutokana na makosa yanayojirudia katika picha za aina hii, ndiyo maana hakina jina la ukoo wala la kitongoji. Swali la kamati ya kijitabu lilikuwa moja: huyu aliyeketi katikati, mwenye fimbo, ni Mangi Meli kweli?

Uzito wa swali hilo unaeleweka. Wajerumani walimnyonga Meli, mangi (mtawala wa Kichaga), pale Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na kizazi chake kimehangaika miaka mingi kutafuta kichwa chake huko Ujerumani. Jina kama hilo hujitafutia picha lenyewe. Mzee yeyote aliyevaa shuka na kukalia kiti ataitwa Meli, mradi karatasi imechakaa vya kutosha.

Kikao kilichoharibu ushahidi

Kosa la kwanza lilifanyika kabla hata picha haijashuka ukutani. Kamati iliwaita wazee sita, ikawaketisha pamoja, ikawapitishia simu yenye picha na kuuliza: "Wazee wetu, mnamtambua Mangi Meli hapa?"

Swali la namna hiyo limeshajibu. Tena kwenye kikao cha wazee, mwenye umri mkubwa husema kwanza na waliobaki humuunga mkono, kwa heshima tu. Wote sita walimtambua Meli. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amezaliwa 1900, wala miaka 20 baadaye.

Mmoja tu alileta maneno ya pembeni. Bibi mwenye miaka 84 alisema jengo analijua, ndipo wazazi wake walipokuwa wakipeleka kahawa, ila mlango mdogo wa stoo haukuwa upande huo, ulikuwa upande wa pili. Waliokuwepo walicheka kwa upole, mmoja akasema, "Bibi, umri huo," na mwandishi wa kikao hakuandika kitu. Huo ndio uliokuwa ushahidi bora kuliko wote uliotolewa siku ile.

Njia iliyotumika baadaye ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza. Chapisha nakala kubwa ya A3. Weka juu yake karatasi angavu, chora duara kwenye kila uso na uupe namba, kuanzia kushoto mstari wa nyuma. Mtembelee kila mzee nyumbani kwake, peke yake, mchana, karibu na dirisha. Usitaje jina wala mwaka. "Shikamoo, meku. Tumekuja na picha, tunaomba utuambie unachokiona." Kisha nyamaza. Wengi huanza na vitu: jengo, mti, kofia, mbuzi. Waache. Majina hufuata baada ya dakika kumi hivi, na yanayokuja bila kuulizwa ndiyo ya kuaminika. Kila jina liandikwe na namba ya uso, jina la aliyelitaja, na alivyojua: alimwona kwa macho, aliambiwa, au anafananisha. Jina lililotajwa na watu wawili ambao hawakusikilizana lina uzito. Lililotajwa na sita waliokaa pamoja lihesabu kuwa limetajwa na mmoja.

Kwa miaka, usiulize tarehe. Uliza ilikuwa kabla au baada ya jambo fulani. Kwa upande huu wa mlima ngazi za kumbukumbu ni hizi: reli ya kutoka Tanga kufika Moshi, 1911, Waingereza kuuteka mji, Machi 1916, chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa, KNPA, 1925, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU, 1933, fujo za wakulima waliopinga kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia KNCU, 1937, Marealle kusimikwa Mangi Mkuu, 1952, Uhuru, 1961, umangi kufutwa, 1963, vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa, 1976. Mtu asiyekumbuka mwaka wowote atakuambia bila kusita kama baba yake alikuwa anauza kahawa kwa Mhindi au kwa chama.

Kuishusha ukutani

Kona ya chini kulia ilikuwa imegandana na kioo. Uso wa picha za zamani ni jelatini, na jelatini ikipata unyevu hulainika na kushika kioo kama gundi. Nyumba ya ukuta wa mawe wakati wa masika hutoa unyevu wa kutosha. Ukivuta, karatasi itatoka na sura za watu zitabaki kwenye kioo. Ukilowesha, ndiyo mbaya zaidi. Kilichofanyika: misumari midogo ya nyuma iling'olewa kwa koleo jembamba, ubao wa kukingia nyuma ukatolewa (huwa na asidi, na ndio uliosababisha ukahawia), picha ikaachwa na kioo chake. Sehemu ya mgongo ikawa huru kusomwa.

Kwa picha iliyoganda kioo, skana nyingi za steshenari hazifai. Zile nyembamba zinazokaa ndani ya printa huona vizuri kile tu kilichogusa kioo cha skana, na kioo cha fremu cha milimita 2 au 3 kinatosha kuzitia ukungu. Hapo tumia kamera kwenye miguu mitatu, lenzi ikitazama picha wima bila kuinama, taa mbili zinazofanana kila upande kwa nyuzi 45, na kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisirudishe taswira yake. Kamera ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ikijazwa na picha ya sentimita 14 hutoa pikseli 40 hivi kwa kila milimita. Kwa picha isiyoganda, skana ya kawaida kwa nukta 600 kwa inchi inatosha; faili la TIFF la rangi la ukubwa huu hufika megabaiti 21. Iwe ya rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu doa, wino na kutu ni ushahidi.

Hesabu hiyo ya pikseli ina kazi. Juu ya mlango wa jengo kuna bango, na herufi zake kwenye karatasi zina kimo cha milimita 1.2. Nakala iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp ilikuwa imepunguzwa hadi pikseli 1,600 upande mrefu, yaani kila herufi ilibaki na pikseli 14, tena zilizosagwa. Hakuna aliyeweza kusoma kitu. Kwenye faili la kamera kila herufi ilipata pikseli 48. Ukilazimika kutuma picha ya namna hii kwa simu, itume kama dokumenti, isiende kama picha.

Karatasi moja, tarehe tatu

Watu huuliza picha ni ya mwaka gani kana kwamba ina mwaka mmoja. Ina siku ya kupigwa, siku ya kusafishwa (yaani kutolewa kwenye karatasi), na siku ya kuandikwa mgongoni. Hizo tatu zinaweza kuachana kwa miaka 50, na ukichanganya moja na nyingine unapotea kabisa.

Maandishi ni rahisi kuliko yote. Biki hutambulika kwa mstari wenye mfereji uliominywa kwenye karatasi na vibonge vya wino kwenye kona za herufi. Kalamu za bei nafuu za aina hiyo zilianza kuuzwa Ufaransa mwishoni mwa 1950. Kwa hiyo aliyeandika "1900" aliandika nusu karne au zaidi baada ya tukio analolitaja. Si lazima awe mwongo, ila hakuwa shahidi.

Kujua siku ya kusafishwa kulihitaji mambo matatu. La kwanza ni taa ya urujuani, ile ya kukagulia noti bandia ambayo kila duka la jumla mjini Moshi inayo. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda viliweka kemikali ya kung'arisha kwenye karatasi za picha, na chini ya taa hiyo, gizani, karatasi kama hiyo huwaka weupe wa kibuluu. Ya zamani hubaki imefifia. Mgongo wa picha hii uliwaka wote kwa usawa. Tahadhari moja hapa: sabuni za unga za kufulia zina kemikali ya jinsi hiyo hiyo, na picha iliyopanguswa kwa kitambaa kilichofuliwa inaweza kuwaka kwa mabaka. Mng'ao ulio sawa hadi ukingoni ni wa karatasi. Mng'ao wa michirizi ni wa sabuni. Kwa kulinganisha, weka pembeni ukurasa wa kitabu cha nyimbo cha kabla ya vita na karatasi mpya ya fotokopi; jicho litajifunza haraka.

La pili, muhuri wa mpira wa studio mgongoni. Jina limefutika nusu lakini mstari wa chini unasomeka: MOSHI, TANGANYIKA. Jina Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964. Muhuri haukutupwa siku ile ile, mwenye studio anaweza kuumaliza kwanza, kwa hiyo soma "hadi miaka ya katikati ya 1960" bila kujifunga zaidi. Karatasi nayo ni ya nyuzi, haina ngozi ya plastiki iliyoenea miaka ya 1970, jambo linalokubaliana na muhuri ingawa peke yake lisingethibitisha kitu, maana karatasi ya nyuzi iliendelea kutengenezwa.

La tatu ndilo lililofungua kila kitu. Katikati ya picha kuna mkunjo mweupe unaopita vifuani mwa watu watano. Tochi ikilazwa pembeni ili mwanga uteleze juu ya karatasi, mkunjo wa kweli hutoa kivuli. Huu haukutoa. Mgongoni hakuna hata mstari. Karatasi haijawahi kukunjwa: kilichokunjwa ni picha nyingine, na hii ni picha ya picha. Mtu alipeleka picha kuukuu studio, mpiga picha akaipiga tena, akasafisha nakala kwenye karatasi mpya, na mikunjo ya ile ya kwanza ikaingia humo kama sehemu ya mandhari. Basi karatasi ni ya kati ya 1955 na 1965 hivi, na hilo halisemi lolote kuhusu siku watu hawa walipopanga mstari, zaidi ya kwamba ilikuwa kabla.

Mlima haudanganyi, lakini unaweza kugeuzwa

Mtu wa Moshi anauona mlima kila asubuhi na bado alipita mbele ya picha hii miaka yote bila kushtuka. Kibo iko kulia. Mawenzi iko kushoto.

Ukiwa upande wa kusini, yaani Moshi mjini, Old Moshi, Kibosho, unatazama kaskazini: Kibo lazima iwe kushoto na Mawenzi kulia, upande wa mashariki. Ukisogea Marangu, Mawenzi inakaribia na kukua. Ukienda Machame na Siha inaanza kujificha nyuma ya Kibo. Ili uione Mawenzi kushoto ni lazima uende ng'ambo ya mlima, upande wa Loitokitok. Basi ama jengo hili liko Kenya, ama picha imegeuzwa.

Makoti yalisema imegeuzwa. Makoti ya wanaume hufungwa upande wa kushoto juu ya kulia, na mfuko wa kifuani hukaa kushoto kwa mvaaji. Katika picha, makoti yote saba yanayoonekana wazi yamefungwa kinyume na mifuko yote iko kulia kwa mvaaji. Fundi mmoja anaweza kukosea, saba hawawezi. Mpiga picha aliyetengeneza nakala aliweka negativu uso wake ukitazama upande usio wake kwenye mashine ya kukuzia, jambo rahisi kutokea pale ambapo hakuna maandishi makubwa ya kumwonya.

Hapo bango likasomeka. Kabla ya kugeuza lilionekana kama U, kitu kama duara lililovunjika, na herufi inayofanana na ile ya Kirusi. Baada ya kugeuza faili: K.N.C.U. Herufi ya tatu ndiyo yenye thamani. K.N. peke yake ingeweza kuwa K.N.P.A., chama cha 1925 hadi kilipopisha KNCU. Kwa kuwa ni C, picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1933, mwaka KNCU ilipoanza chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya 1932. Meli alikuwa amekufa miaka 33.

Mlango wa stoo nao ulihamia upande alioutaja bibi. Alirudiwa nyumbani kwake na nakala iliyogeuzwa sawa, bila kuambiwa kilichobadilika. Akaitazama kidogo tu. "Enhe. Sasa hapa ndipo." Kisha akaendelea kutaja ngazi tatu za mawe ambazo kwenye picha zimefunikwa na watu, na pahali mizani ilipofungwa siku za kawaida.

Kugeuza kuna madhara mengine ambayo mchunguzi akiyasahau atakosea saa. Kamera inatazama kaskazini. Vivuli vya watu vinaelekea nyuma yao, kaskazini, kwa hiyo jua liko kusini. Moshi iko nyuzi 3 na dakika 20 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Oktoba na karibu katikati ya Machi. Kati ya Oktoba na Machi jua hukaa kusini, na miezi iliyobaki hukaa kaskazini. Hivyo nusu ya mwaka imeshaondoka. Kugeuza picha hakubadili kaskazini na kusini. Kunabadili mashariki na magharibi: kwenye karatasi vivuli vinainamia kulia, na mtu angesema ni alasiri, lakini picha ikirudishwa sawa vinainamia kushoto, magharibi, kumaanisha jua lilikuwa mashariki. Ni asubuhi, na hilo linapatana na mlima ulio wazi, kwa kuwa saa za mchana Kibo huwa imeshajifunika wingu. Kitu kilichotandazwa mezani, kikikuzwa, ni kahawa ya maganda. Mavuno upande huu huanza Julai na kumalizika karibu na Desemba. Ukiunganisha vivuli na kahawa unabaki na Oktoba hadi Desemba.

Theluji haikutumika, ingawa kila mtu huikimbilia. Ni kweli barafu ya Kilimanjaro ilipimwa kuwa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 na chini ya 7 mwaka 1953, lakini kwenye picha hii Kibo yote ina upana wa sentimita mbili, na theluji ya usiku mmoja hujaza kilele ikaondoka kesho yake. Mtu akikuambia ameijua picha ni ya 1920 kwa kutazama theluji, mshukuru uendelee na kazi. Bati nalo halisaidii: lilikuwapo enzi za Wajerumani na lipo leo.

Vitabu vya usharika na majalada

Bango limetoa mwaka wa chini. Mwaka wa juu ulitoka kwa watu. Wazee wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimtaja namba 8 kwa jina moja, na kitabu cha mazishi cha usharika kinaonyesha alizikwa 1941. Namba 17, ambaye familia inamwita baba mkubwa na ambaye ndiye sababu ya picha kutunzwa, alibatizwa 1911 akiwa mchanga. Kwenye picha ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Ajabu ni kwamba cheti chake cha ubatizo kilikuwa kwenye kabati la nyumba hiyo hiyo, mita tatu kutoka kwenye ukuta uliokuwa na picha iliyoandikwa 1900.

Vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi ndivyo nyaraka za kuanza nazo Kilimanjaro, kabla ya kufikiria Dar es Salaam. Walutheri wa Leipzig walifika Machame 1893 na Old Moshi, pale Kidia, 1896. Wakatoliki walikuwa wameshatangulia Kilema. Omba ruhusa kwa mchungaji au paroko kwa barua, taja ukoo na miaka unayoitaka, na usiombe kupiga picha kurasa nzima: kwenye ukurasa huo kuna mambo ya familia za wengine, pamoja na watoto wa nje ya ndoa ambao vizazi vyao havijui. Nakili mstari mmoja unaokuhusu. Majina yatakusumbua, kwa sababu mtu ana jina la ubatizo, la Kichaga na la ukoo, na kila mwandishi aliyaandika alivyosikia. Tafuta kwa jina la baba na tarehe, hilo la mwenyewe liwe la mwisho.

Kamati ilikuwa imetafuta pia kwenye mikusanyo ya picha ya mtandaoni kwa maneno "Moshi 1900" ikaambulia kidogo. Sababu ni tahajia. Wajerumani waliandika Moschi, Madschame, Aruscha, Dschagga, Kilimandscharo, na maelezo ya picha yamebaki hivyo. Picha za misheni ya Leipzig ziko kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marekani, zikiwamo za miaka ya 1920 na 1930, na ukitumia tahajia hizo zinatoka kwa wingi. Maelezo yaliyoandikwa kwa mkono ni ya mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi: e hufanana na n, na u huvishwa kikofia juu. Usikisie. Peleka kwa mtu anayeujua.

Kwa swali la chama chenyewe, njia mbili zilibaki. Kitabu cha mihutasari na daftari la wanachama la chama cha msingi, ambavyo mara nyingi hukaa kwa katibu au kwenye ghala lenyewe chini ya magunia, na majalada ya serikali ya Kiingereza kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga. Ukienda huko chukua kitambulisho, barua ya utambulisho na penseli, na uwe umeshaandika kwenye karatasi: wilaya, miaka, na mada kwa Kiingereza cha wakati ule, kwa kuwa orodha za majalada zimeandikwa hivyo. "Picha ya babu" si mada. Vyama vya ushirika wa kahawa, wilaya ya Moshi, 1932 hadi 1941, ndiyo mada.

Kumwambia mwenye picha

Hili lilichukua muda kuliko vipimo vyote. Lilifanywa nyumbani, kwa mzee wa familia kwanza, faragha, kabla ya kamati kusikia chochote. Hakuambiwa maandishi ni ya uongo. Alionyeshwa mlima kwenye picha, akaombwa atoke nje autazame. Alisimama uani kwa muda, akarudi, akasema tu, "Basi huyu kaka yangu aliandika alichoambiwa." Maandishi ya biki yalibaki yalivyo. Hayakufutwa wala hayakuandikwa juu yake, kwa kuwa nayo sasa ni sehemu ya historia ya karatasi hii.

Kadi iliyowekwa pamoja na picha, kwa penseli laini kwenye karatasi tofauti, isiyogusa mgongo wake, inasomeka hivi:

Wakulima mbele ya ghala la kahawa la chama cha msingi, bango la KNCU. Old Moshi. Imepigwa kati ya 1933 na 1941, yaelekea Oktoba hadi Desemba, asubuhi. Karatasi hii ni nakala iliyosafishwa Moshi, takriban 1955 hadi 1965, ikiwa imegeuzwa kushoto kulia. Mgongoni: "Mangi Meli na wazee wake, 1900", biki, haiendani na picha. Waliotambuliwa kwa mashahidi wawili: namba 8, 17, 22 na 29. Kwa shahidi mmoja: 3, 11, 14. Imeganda kioo kona ya chini kulia: isibanduliwe.

Mafaili yana nakala tatu: moja kwa familia kwenye diski, moja kwa usharika, na moja nje ya Moshi kwa ndugu aliye Arusha. Lililogeuzwa sawa lina jina lake, na lile la asili, Mawenzi ikiwa kushoto, halikuguswa.

Kimebaki kitu kimoja cha kufuatilia. Mgongoni, chini ya muhuri, kuna namba ya penseli, 614. Studio za zamani ziliandika namba ya negativu kwenye daftari na mgongoni mwa kila nakala. Vizazi vya wapiga picha wengi bado vina maboksi hayo darini au chini ya kitanda. Boksi likipatikana, lifunguliwe dirishani na linuswe kwanza. Likitoa harufu kali ya siki, plastiki ya negativu imeanza kuoza, na harufu hiyo huambukiza zilizo karibu: zitenganishwe siku hiyo hiyo, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, isiwe ya nailoni, zikae mahali pakavu na pa baridi, na 614 ipigwe picha kwanza.